Bustani ya matunda iliyo kwenye karatasi

Wiki hii sitaongea juu ya bei ya unga wala juu ya dawa ya minyoo. Nataka kuwapeleka katika bustani ya matunda ambayo haiko mahali popote duniani, lakini jamaa yangu inaitembelea kila jioni, sasa ni mwezi mzima.

Mwenye bustani ni mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka tisa. Alifika kwetu Bukavu akitoka upande wa Uvira, kwenye uwanda wa Ruzizi, na mfuko mmoja wa nguo, kwa sababu ambazo jamaa nyingi hapa zinazijua bila kuelezwa. Ni mtoto mwenye heshima. Anasalimia, anachota maji, anakula. Lakini kuongea, hapana. Ukimwuliza jambo anajibu, "Ndiyo, mama mkubwa," na maneno yamekwisha.

Jioni moja umeme ulikatika. Akachukua kaye na biki, akakaa karibu na taa ya sola, akaanza kuchora. Mimi nilikuwa nasafisha sambaza za chakula cha usiku. Nilipochungulia nikaona miti mingi: miembe saba, michungwa, mipapai, avoka, hata mti mmoja wa mapomu mekundu kama yale ya dukani. Yote ilikuwa imezunguka nyumba moja, na nyumba ile ilikuwa yetu. Nilitambua ngazi za mawe na mlango wa buluu.

Hapo nikafanya kosa. Nikacheka, nikasema: "Mwanangu, mwembe hauzai hapa Bukavu. Uliza ule wangu wa nyuma ya jiko." Nilisema kweli. Mwembe ule niliupanda miaka kumi iliyopita. Kila mwaka unatoa maua, maua yanageuka meusi, yanaanguka. Mtoto hakusema kitu. Akafunga kaye.

Kesho yake niliongea na mdogo wangu kwa simu, nikamweleza juu ya ile picha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Miembe ni mingapi?" Nikamwambia saba. Akasema: "Ndiyo ile ya parsele yetu. Amehesabu sawasawa."

Jioni ile nikamwita mtoto, nikamwuliza: "Bustani yako ina mlima?" Akaniangalia tu. Nikasema: "Kwa sababu kama ina mlima, na kama chini ya mlima kuna uwanda wa joto, miembe yako itazaa. Nyumba yetu inaweza kukaa katikati." Akafungua kaye.

Tangu siku ile tuna sheria moja. Katika bustani ya mawazo kila mti unaruhusiwa kuingia, lakini kwanza unaulizwa maswali matatu: unataka joto gani, unataka maji gani, na unapumzika wakati gani? Mti ukijibu, tunautafutia mahali pake. Mama jirani aliyefundisha jeografia miaka mingi alitusaidia kwa vipimo, na mtoto alichora mlima mmoja mrefu wenye ngazi nne. Twendeni tuupande.

Ngazi ya kwanza ni ufuko wa Tanganyika. Ziwa lile liko kwenye urefu wa metre 773 hivi juu ya bahari. Pale kuna joto mchana na usiku, mvua ni chache kuliko huku kwetu, na kiangazi ni kirefu. Hayo ndiyo mwembe unayapenda. Mwembe unataka kiangazi cha kweli ili utoe maua vizuri, na maua yake hayapendi kulowa. Mvua na ukungu vikiyakuta, yanapata ugonjwa, yanakauka, yanaanguka. Ndiyo habari ya mwembe wangu: haukuwa mvivu, ulikuwa kwenye ngazi isiyo yake. Kwenye ngazi hii mtoto aliweka miembe yake saba, michungwa, mipapai na michikichi ya mawese. Kwa mipapai tulikumbushana kwamba kuna dume na jike, na kwamba ukipanda mmoja peke yake unaweza kungoja matunda bure. Ngazi hii aliiita Kwetu.

Kutoka pale tunapanda tukifuata mto Ruzizi, lakini kinyume cha maji, maana Ruzizi unatoka ziwa Kivu na kuteremkia Tanganyika. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1460. Mtoto alifanya hesabu ya kutoa: metre 687. Mama jirani akamfundisha kwamba kila ukipanda metre 100, joto linapungua kwa nusu digri na zaidi kidogo, tuseme 0.6. Akazidisha, akapata digri nne. Akauliza: "Digri nne tu ndizo zinazozuia maembe?" Ndiyo, digri nne, pamoja na mvua zinazoanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Kwa mtu ni tofauti ya kuvaa sweta au kutovaa. Kwa mti ni tofauti ya kuzaa au kutozaa.

Ngazi ya pili basi ni ya ziwa Kivu, na nyumba yetu iko hapo. Miti yake ni avoka, mapera, ndizi, malimau, marakuja, na kahawa kwenye miteremko inayotazama maji. Avoka ina siri moja ambayo watoto waliifurahia sana. Ua lake linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni ua jike, kisha linajifunga; linapofunguka tena limekuwa dume. Kuna miti inayoanza kwa jike asubuhi, na mingine inaanza mchana. Aina hizo mbili zikiwa karibu, nyuki wanapeleka unga kutoka mti huu kwenda ule, na matunda yanaongezeka. Kwa hiyo kwenye karatasi avoka zetu zimechorwa mbili mbili, na nyuki katikati.

Ngazi hii ina hatari yake, na wenye kukaa Bukavu wanaijua. Mteremko ni mkali, na mvua kubwa inachukua udongo, mara nyingine pamoja na nyumba. Mtoto wangu wa kwanza alitaka mistari ya miti itoke juu kwenda chini kama ngazi. Tukamwonyesha kwamba maji yatafuata mistari hiyo na kuchimba mifereji. Sasa mistari inakata mteremko kwa kulala, kila mmoja una mtaro wake mbele, na ukingoni mwa mtaro kuna majani ya mifugo yanayoshika udongo kwa mizizi. Mti mkubwa hatukuuweka karibu na ukuta wa nyumba.

Ngazi ya tatu inaanza penye metre 1800 na kupanda. Asubuhi kuna ukungu, usiku blanketi mbili. Hapo tuliweka mapruni, yale mekundu yenye umbo la yai ambayo wamama wanatuletea sokoni kutoka milimani, pamoja na frezi na kahawa ya mwisho. Pembeni ni chai, na mti wa kwinini, ambao ganda lake linatoa dawa ya malaria. Si tunda, lakini mtoto aliuombea mahali kwa kuwa, alisema, chini kule Kwetu mbu ni wengi. Hiyo ndiyo sentensi ndefu ya kwanza aliyoisema nyumbani kwangu.

Ngazi ya nne ni kilele. Tulikopa kipimo cha mlima Kahuzi, metre 3308. Huko juu, kwa hesabu ileile, kuna baridi kuliko ufuko wa Tanganyika kwa digri 15 hivi. Mtoto alikuwa anangojea ngazi hii ili apande mti wa mapomu. Tukauliza maswali matatu. Joto? Mpomu unapenda baridi; vizuri. Maji? Yako. Kupumzika? Hapo ndipo tulikwama. Mpomu unatoka Asia ya Kati, katika milima ya Kazakhstan na jirani zake. Umezoea kuangusha majani na kulala miezi mizima ya baridi, kisha kuamka pamoja wakati joto linarudi. Sisi tuko karibu na ikweta. Mchana wetu una karibu saa 12 mwaka mzima, na mlimani kunakuwa na baridi kila usiku na jua kila mchana. Mpomu hauoni wakati wa kulala wala wa kuamka. Unabaki kama mtu mwenye usingizi nusu.

Mtoto akainamisha kichwa, nami nikaogopa kwamba kaye itafungwa tena. Lakini mama jirani akasema kwamba huko Java, katika nchi ya Indonesia, karibu na ikweta kama sisi, wakulima wa mlimani wanavuna mapomu. Baada ya mavuno wanaondoa majani yote kwa mkono, moja moja, ili mti udhani umelala, kisha unatoa maua mapya. Basi mpomu ukabaki, lakini ukateremshwa kwenye ngazi ya tatu, na chini yake akachorwa mtu mwenye kikapu anayechuma majani. Alisema mtu huyo ni mimi.

Juu kabisa hatukupanda kitu. Mama jirani alisema kwamba mvua inayolishika lile paa la msitu na mianzi inateremka polepole na kutokea chini kama chemchemi, na kwamba ukikata msitu wa juu, bustani ya chini itapata maji yote siku moja na kukauka siku inayofuata. Mtoto aliandika pale: "Asikate mtu."

Jioni nyingine, tukiwa tunakula, aliuliza swali ambalo silisahau. "Miti hii yote ni ya hapa tangu zamani?" Tukaanza kuihesabu. Mwembe ulitoka India na nchi jirani zake. Avoka, papai, mapera na marakuja zilitoka Amerika. Mapruni yalitoka huko pia, kwenye milima ya Andes. Machungwa na ndizi ni za Asia. Kahawa yetu asili yake ni upande wa Ethiopia. Katika matunda tuliyoyachora, mchikichi ndio mzaliwa wa misitu yetu ya Afrika. Nikamwonyesha na sahani yake: sambaza hizi tunazoziita za Kivu zililetwa karibu mwaka 1959 kutoka ziwa Tanganyika, kwenye ziwa lake. Akaangalia samaki, akasema: "Basi karibu wote ni wageni." Ndugu yake mdogo akajibu kabla yangu: "Lakini wanazaa."

Mvua zimeanza sasa. Karatasi iko ukutani, imebandikwa pamoja kutoka kurasa sita za kaye. Katika parsele yetu hakuna mlima, kuna metre chache tu za udongo mwekundu. Tumenunua kwenye kitalu miche miwili ya avoka, iliyounganishwa na kichipukizi cha mti mzuri, kwa kuwa hiyo huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na ya mbegu inachelewa zaidi. Tumepanda pia marakuja mbili. Nilitaka kukata ule mwembe wa nyuma ya jiko upate kuwa kuni. Mtoto akaomba tuuache, akachimba shimo la marakuja penye mguu wake, akafunga kamba ili mmea upande kwenye matawi. "Mama mkubwa," akasema, "mwembe wako utazaa."

Kazi ya jamaa kwa wiki hii: chukueni karatasi na kalamu moja, mketi pamoja jioni. Kila mtu achore mti anaoupenda, hata kama hajauona kwa macho. Kisha mwulize kila mti maswali matatu: joto, maji, kupumzika. Watoto wa shule wafanye hesabu ya metre na digri. Mwisho chagueni mti mmoja tu ambao ngazi yake ndiyo ngazi ya nyumba yenu, muupande kabla mvua haijapita. Na ninyi wamama, mtoto akichora kitu kisichowezekana, msikimbilie kusahihisha kama mimi. Kwanza mwulizeni ni wapi.

Tuonane wiki ijayo.