Mawe ya shambani kwako si takataka, usiyauze kwa tripu

Ndugu mkulima, lori la kuchukua "mawe ya bustani" umeliona likipita kijijini. Mjini wanayapanga kuzunguka maua, na yanapendeza kweli. Vijana wanaokota, dalali analipa kwa tripu, na kila mmoja anasema mawe ni ya bure. Hapo ndipo ninapobisha.

Jiwe lililolala juu ya udongo hupokea kishindo cha mvua na kulizuia jua lisikaushe unyevu. Kiangazi hiki inua jiwe moja, shika udongo wa chini yake, kisha shika wa pembeni. Mkono utakujibu kabla yangu.

Sisi maafisa ugani tuna lawama yetu. Tumehimiza "safisha shamba, toa mawe" bila kusema yaende wapi. Yanayogonga jembe toa, lakini shamba likiwa la mteremko yapange kwa kontua. Funga fremu A ya miti mitatu, ninginiza kijiwe kwa kamba, pima usawa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 hivi, weka makubwa chini, madogo yazibe mianya upande wa juu. Maji yatapita taratibu, udongo utabaki.

Pale Engaruka, wilayani Monduli, wakulima wa kale walipanga mawe kuwa matuta na mifereji ya maji. Wenyewe walishaondoka zaidi ya miaka 200 iliyopita. Matuta yao bado yanaonekana.

Utaniambia ada ya shule inadaiwa leo. Najua, wala sibezi. Ila tripu unauza mara moja, na udongo ukishaondoka na masika hakuna dalali atakayekuuzia mwingine.

Nawe mfanyabiashara unayezoa kokoto laini za mtoni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata bila sheria, ukizoa mawe ukingo unamong'onyoka, na shamba linaloliwa ni la jirani yako, si la mteja wa mjini.

Unataka mawe ya kupamba? Anayechimba choo au msingi wa nyumba anayatoa kila siku na hajui ayatupe wapi. Anza kwake.