Mkebe wa Dirishani Nao Ni Shamba

Mambo mengi yanayoandikwa katika gazeti hili ni ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, kahawa na majani chai, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini leo nataka kusema na yule msomaji ambaye hulichukua gazeti ofisini kwetu na kulisoma mpaka ukurasa wa mwisho, ingawa hana hata futi moja ya ardhi. Yeye akaa katika chumba cha kupanga, huko Githurai au Nakuru au Changamwe, mwenye dirisha moja na pengine kibaraza chembamba cha kuanikia nguo. Mtu huyu akija katika ofisi ya kilimo huuliza swali lake kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu kisicho haki yake. Nimepata kuona, katika ofisi moja, mama aliyeuliza habari za kupanda dania ndani ya nyumba akachekwa na watu waliokuwa kwenye foleni ya mbolea. Alitoka bila jibu.

Mimi nasema swali lake lilikuwa swali la kilimo kama maswali mengine yote, na jibu lake alistahili kulipata.

Fikiri kwanza habari za dania. Mboga nyingine, kama sukuma wiki, hupikwa, na moto husafisha mengi. Dania hukatwa mbichi juu ya kachumbari, au hutiwa juu ya ndengu wakati sufuria imekwisha kuteremshwa. Yaani hufika kinywani karibu kama ilivyotoka shambani. Tena yajulikana wazi ya kuwa kandokando ya mito ya Nairobi kuna bustani zinazonyweshwa maji machafu, na mengine hutoka katika mifereji ya choo. Mama mboga wa mtaani kwako hawezi kukuambia fungu lake lilitoka wapi, maana naye alilinunua sokoni alfajiri. Kuliosha kwa maji safi yanayotiririka ni lazima, lakini majani yale ni madogo na yamekunjamana, na uchafu hujificha. Dania uliyoipanda mwenyewe wajua ilikunywa maji gani.

Halafu kuna hesabu. Nyumba inayonunua dania ya shilingi kumi mara tatu kwa juma hutoa shilingi 30, na kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 1,560. Na kila mpishi ajua kwamba nusu ya fungu hunyauka kabla ya kutumiwa. Mkebe huchumwa majani manane yanayotakiwa leo, na mengine hubaki yakikua. Hata hivyo sitaki mtu adanganywe. Siku hizi wako watu wanaotangaza kwamba viungo vya majani katika makopo vitakutajirisha, ukinunua kwanza taa zao na vyungu vyao. Ni kweli Kenya hupeleka rehani, mnanaa na rozimari Ulaya kwa ndege, lakini ile ni kazi ya mashamba makubwa yenye mabomba ya maji na vyumba vya baridi. Mkebe wako hautakutoa sokoni wala hautalipa kodi ya nyumba. Utakupa ladha, usafi na akiba ndogo, basi.

Sasa jambo linaloharibu kazi ya wengi ni mwanga, nalo nitalikalia kidogo. Macho yetu hutudanganya. Ndani ya chumba ambamo waweza kusoma gazeti hili mchana bila taa, mmea waweza kuwa na njaa. Fanya jaribio hili: weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka mkebe, inua mkono wako juu yake kiasi cha futi moja, utazame kivuli. Kikiwa na kingo kali, mwanga watosha. Kikiwa hafifu kama moshi, mnanaa waweza kuvumilia, lakini dania itarefuka, itapauka na kulala chini. Viungo vingi vyataka jua lenyewe kama saa sita kwa siku.

Dirisha gani basi? Vitabu vingi vimeandikwa katika nchi za mbali na Ikweta, navyo husema dirisha la kusini. Usivifuate. Hapa kwetu jua hupita upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini hadi Machi tena. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata jua nusu ya mwaka, na la kusini nusu nyingine, na hata wakati huo jua la adhuhuri huwa juu sana, hata paa hulizuia. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo bora. La magharibi lafaa pia, ila jua lake la alasiri ni kali, na udongo hukauka upesi. Ukiwa na kibaraza, mkebe ukae huko mchana na kuingizwa ndani usiku ikiwa watu wa mtaani wana mikono mirefu. Julai ya Nairobi, yenye mawingu kila siku, itachelewesha kila kitu. Usidhani umekosea mbegu.

Chombo kiwe na kina cha inchi sita hadi nane kwa dania, kwa sababu ina mzizi mkuu unaokwenda chini. Mkebe wa mafuta ya kupikia wafaa sana. Toboa matundu matano chini yake. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu, rangi au oili ya gari, hata kama umekiosha mara kumi. Chombo cha dawa ya wadudu hakina kazi nyingine duniani.

Udongo mwekundu peke yake hugandamana katika mkebe kama tofali, na ule mweusi wa mfinyanzi ni mbaya zaidi. Changanya mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la mchanga, na fungu moja la samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na katika chumba kimoja mtalala na harufu yake.

Punje ya dania si mbegu moja, bali ni mbegu mbili zilizofungwa pamoja. Zisugue taratibu kwa chupa mpaka zipasuke mara mbili, uziloweke usiku mmoja, kisha uzifukie kiasi cha sentimita moja. Hata zile zinazouzwa dukani kwa kupikia huota zikiwa si kuukuu. Zitachukua juma moja hadi matatu kuchomoza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuutupa udongo. Ngoja. Usihamishe miche yake, maana ikisumbuliwa mizizi, au ikiona joto na kiu, hukimbilia kutoa maua, na majani yake huwa si kitu tena. Baada ya majuma sita hivi utaanza kuchuma, lakini mkebe mmoja hauchumwi milele. Panda mikebe mitatu, kila mmoja majuma mawili baada ya mwenzake, na unapomaliza wa tatu, wa kwanza uanzwe upya.

Mnanaa ni rahisi zaidi: kipande cha shina ndani ya gilasi ya maji, na mizizi hutoka baada ya juma moja au mawili. Upe chombo chake peke yake, kwa sababu una tabia ya kunyang'anya. Rozimari hupandwa kwa kipande cha shina pia, nayo hupenda jua na udongo mkavu. Rehani, ambayo watu wa pwani huijua tangu zamani kwa harufu yake, yapenda joto, na mtu wa Limuru asiilaumu ikinuna. Kata ncha zake kila mara ili itanuke. Vitunguu vya majani, ukikata na kuacha mizizi na inchi moja ya shina, ukaichomeka udongoni, huchipuka tena. Mchaichai ni mkubwa, haufai dirishani, uwekwe kwenye debe mlangoni kama mwenye nyumba akikubali.

Katika kumwagilia, wengi huua kwa wema. Ingiza kidole mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, acha. Mahali maji yanapotoka kwa zamu, maji uliyooshea mchele au mboga yafaa sana, lakini si yale yenye sabuni wala chumvi. Na kile kisahani cha chini kimwagwe kila siku, kwani mbu huzaa katika maji machache kuliko unavyodhani. Mombasa imepata homa ya dengi zaidi ya mara moja tangu mwaka 2013, na mbu wake hupenda vyombo kama hivyo vilivyo karibu na watu.

Mambo mawili zaidi, nayo si ya mzaha. Debe lililojaa udongo wenye maji huweza kufika kilo 30. Usiliweke juu ya ukingo wa kibaraza cha ghorofa ambako watoto wa jirani hucheza chini. Na mikebe isizibe dirisha hata lisifunguke. Mpikaji kwa jiko la makaa ahitaji hewa kuliko dania, na moshi wa makaa usioonekana umeua watu waliolala.

Nilisomea ualimu kabla ya kushika kalamu ya ofisini, kwa hiyo mtanisamehe nikiwataja watoto. Mtoto wa mjini hujifunza kilimo shuleni kwa picha. Mpe mkebe mmoja uwe wake, aandike siku aliyopanda na siku mche wa kwanza ulipochomoza. Atajua maana ya kungoja.

Kwa wenzangu wa ofisi nina ombi. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwashauri wakulima iko mikononi mwa kaunti, na maafisa ni wachache, najua. Lakini jibu la mama yule halihitaji gari wala petroli. Lahitaji dakika kumi. Kila ofisi iweke mikebe mitatu kwenye dirisha lake la mashariki, ya dania, mnanaa na rehani, na kila anayeuliza aonyeshwe, apewe na kipande cha mnanaa cha kwenda nacho nyumbani. Mnanaa ukikatwa huzidi, kwa hiyo hakuna hasara ya kuandikiwa barua.

Nawe msomaji usiye na ekari, ukija kuuliza, uliza kwa sauti.