Kulala kwa Tumbo Mbele ya Kangaga

Msafiri atokaye Kampala kwenda Jinja, akishapita Lugazi, huingia ghafla katika kivuli. Kulia na kushoto umesimama msitu wa Mabira, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 300, ambao umekuwa hifadhi tangu mwaka 1932. Wengi husimama Najjembe kununua kuku wa kuchoma na gonja, kisha wakaendelea na safari yao. Wachache hushuka na kuingia msituni, na hao nao aghalabu hutazama juu, wakitafuta kima na ndege. Makala ya juma hili yanamhusu yule atazamaye chini.

Chini ya miti mikubwa pana ulimwengu mwingine. Pana kuvumwani, ile mimea mororo ya kijani itandayo juu ya magogo kama zulia. Pana kangaga changa, vichwa vyao vimejikunja mithili ya ushungi wa konokono. Pana miche ya miti mirefu, yenye majani mawili matatu tu, ikingoja mzee mmoja aanguke ili ipate jua. Kingojeo hicho chaweza kuwa cha miaka mingi, kwa sababu katika msitu mnene mwanga ufikao ardhini mara nyingi hauzidi asilimia 1 au 2 ya ule ulio juu ya matawi.

Desturi ya wapigapicha wa vitu vidogo ni kutumia lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 100 huutoa mmea peke yake, mkubwa na safi, na nyuma yake hubaki rangi tupu iliyofifia. Picha hiyo hupendeza kwenye kalenda. Lakini mtazamaji hawezi kujua kama kangaga ile iliota Mabira, au katika bustani ya Entebbe, au ndani ya mkebe wa maua kibarazani.

Njia ya pili ni kinyume chake. Mpigapicha huchukua lenzi yenye upeo mpana, ya milimita 24 au hata 15, akaisogeza hadi sentimita chache tu kutoka kwenye jani. Hapo jani hujaza theluthi ya picha, na nyuma yake, wadogo lakini wazima, husimama miti, mizizi, njia na ukungu wa asubuhi. Mmea huonekana pamoja na nyumba yake. Mwaka 2015 kampuni ya Venus Optics ilitoa lenzi ya Laowa ya milimita 15 kwa kazi hii hasa. Tangu mwaka 2021 simu kadhaa za bei ya juu zinatumia lenzi yao pana kupigia vitu vya karibu, kwa hiyo huenda chombo chenyewe tayari kimo mfukoni mwa baba wa nyumba.

Kazi yenyewe si nyepesi. Lenzi ikisogea karibu mno, hutupa kivuli chake juu ya mmea. Dawa ni kupiga kutoka ubavuni, au kuweka upande wa pili kipande cha karatasi nyeupe kirudishe mwanga. Ili mmea na miti vionekane vyote, tundu la lenzi hufinywa hadi namba 16, na tundu likifinywa mwanga hupungua. Kamera italazimika kukaa wazi nusu sekunde au zaidi. Kwa muda huo hata pumzi ya mpigapicha yatosha kutikisa jani. Kamera basi iwekwe juu ya mfuko mdogo wa maharage, ambao mama yeyote aweza kuushona kwa dakika kumi, na mpigapicha alale kwa tumbo. Hapa askari ana faida kubwa kuliko raia, maana alifunzwa kutambaa tangu ukuruta. Ila atazame asilalie siafu.

Neno moja kwa familia zikaazo kambini. Ni kweli kwamba ukuta wenye unyevu nyuma ya tangi la maji una kuvumwani nzuri za kujifunzia. Lakini lenzi pana haichagui: ikipiga kuvumwani, hupiga pia lango, magari na mlinzi aliye zamu. Mtoto asiruhusiwe kabisa kufanya mazoezi hayo ndani ya kambi. Isitoshe, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Jambo hilo lizimwe pia mtu akipiga picha ya ua adimu la msituni, kwa kuwa wezi wa okidi nao wanajua kusoma.

Kwa nini basi taabu yote hii? Historia ya Mabira yatoa jibu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakulima waliingia na kukata sehemu kubwa ya msitu, nao wakaondolewa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Katika sehemu zilizoharibiwa umeenea mforosadi wa karatasi, mti wa Asia. Mwaka 2007 ulikuja mpango wa kutoa hekta zipatazo 7,100 kwa kilimo cha miwa. Wananchi wakapinga, maandamano ya Aprili mjini Kampala yakaleta vifo, na mwaka huohuo mpango ukasimamishwa. Ulitajwa tena mwaka 2011. Katika mabishano ya namna hiyo kila upande husema lake juu ya msitu. Picha pana yaonyesha mche mdogo, na yaonyesha pia ni mti gani uliosimama juu yake: mwenyeji au mforosadi. Ikipigwa mahali palepale kila mwaka, hapana haja ya maneno mengi.

Wakati mwema ni wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba. Huo ndio wakati wa obubaala, uyoga mdogo mno utokao kwa mamia karibu na vichuguu, ambao Waganda huupika kwa karanga. Uyoga si mmea, lakini hakuna mpigapicha atakayeupita. Atangulie tu kupiga kabla mama hajafika na kikapu. Msituni iombwe ruhusa kwa walinzi wa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, wala lisisafishwe jani wala kung'olewa mche ili picha ipendeze.

Baada ya kurudi, kamera ifutwe na kuachwa wazi ikauke usiku kucha. Mkoba uliofungwa ukiwa na unyevu huotesha ukungu juu ya kioo cha lenzi, na fundi atadai fedha nyingi kuuondoa, kama utaondoka.