Siku ya Tatu Mrudisheni Mtoto

Wazazi wenzangu, nanyi bibi na shangazi mnaobaki na watoto nyumbani, nina ombi moja kwenu.

Mtoto mwenye nimonia isiyo kali kwa kawaida hupewa amoksilini, vile vidonge vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama, asubuhi na jioni. Wengi hupona. Kufikia siku ya tatu homa huwa imeshuka, pumzi zimepungua kasi na hamu ya kunyonya au kula imerudi. Lakini wapo ambao dawa haiwasaidii, na hao ndio wanaoniumiza moyo, kwa sababu nimonia bado inaua watoto zaidi ya 700,000 kila mwaka duniani.

Tukiona mtoto hajapata nafuu, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa kuomba dawa kali zaidi. Tafadhali, tuache. Huenda anaumwa virusi, ambavyo antibiotiki haiviwezi kabisa. Huenda ni pumu, kifua kikuu, VVU au utapiamlo unaomnyima nguvu. Huenda usaha umejikusanya kando ya pafu, au vijidudu vimekuwa sugu. Pengine dozi ilikuwa ndogo, au aliitapika. Kila kimoja kina tiba yake, na hakuna anayeweza kukitambua akiwa nyuma ya kaunta. Ndugu zetu wauza dawa, mkiambiwa mtoto ameshaanza dozi na hajapata nafuu, mwelekezeni kituo cha afya. Mtakuwa mmemsaidia kweli.

Siku ya tatu mtoto arudi kituoni, hata kama dozi haijaisha. Akinababa, tengeni nauli mapema, siku ile ile dawa inapoanza.

Kuna hali zisizongoja siku ya tatu: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Huyo apelekwe sasa hivi, hata usiku. Mtoto akiwa ametulia, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno.

Mkienda, chukueni kadi ya kliniki na dawa zilizobaki. Mwelezeni mganga mtoto amemeza dozi ngapi, na zipi alitapika.