Idara moja, majengo matatu? Hapana

Komredi yeyote anayesoma sayansi anaijua hii: lekcha ya asubuhi iko jengo hili, maabara iko upande ule mwingine wa kampasi, na mwalimu wa kukusainia fomu ana ofisi jengo la tatu. Idara ni moja, lakini ukiitafuta huipati mahali pamoja.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilivunja mfumo wake wa koleji na kuunganisha vitivo na idara. Jiolojia na meteorolojia, kwa mfano, ziliwekwa chini ya idara moja. Kwenye karatasi, mambo kama haya huisha kwa sahihi. Kazi yenyewe huanzia kwenye majengo.

Sisi tunaunga mkono idara kukaa pamoja. Kifaa kilichokuwa kikinunuliwa mara mbili kitanunuliwa mara moja. Lakini kuunganisha si kubadilisha kibao mlangoni.

Kosa kubwa ni kuanza na ofisi za wakubwa. Ofisi ni dawati, kiti na soketi. Hata kesho unaihamisha. Maabara ina mabomba ya maji na gesi, sinki zinazostahimili kemikali, na feni za kutoa mvuke hadi juu ya paa. Hadubini kali haitaki sakafu inayotikisika, kwa hivyo ikae chini, si ghorofa ya tano. Basi maabara zipangwe kwanza, zikaribiane zitumie mabomba yale yale. Ofisi zichukue nafasi inayobaki.

Tena, kabla ya kubomoa ukuta hata mmoja, mtu azunguke na daftari wiki nzima: chumba kipi kinatumika, saa ngapi? Huenda stoo ya vifaa vibovu ndiyo maabara mnayoililia. Na ngazi tupu hazitoshi. Kipengele cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali, maabara ikiwemo.

Mwisho, mafundi wafanye kazi kwa awamu, na kila maabara inayofungwa ipatiwe mbadala kwanza. Mwaka mmoja wa ukarabati kwa chuo ni mradi tu. Kwako wewe ni robo ya digrii, na praktiko ulizokosa hakuna atakayekurudishia. Ndiyo maana wanafunzi wanafaa kuwa kwenye kamati ya mipango tangu siku ya kwanza, si kualikwa siku ya kukata utepe.