Kabla ya Kuvunja Kibubu kwa Ajili ya Lenzi



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja iliyotushughulisha kuliko barua nyingi za mapishi na malezi tuzipatazo. Binti yake alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Anayo kamera ya Canon aliyoachiwa na mjomba wake, pamoja na lenzi fupi iliyokuja nayo. Amekuwa akipiga picha mechi za soka na netiboli za wasichana mtaani kwao, na sasa ameanza kuitwa katika sherehe za kumpamba bibi harusi, pahala ambapo mpiga picha mwanamume haingii. Kibubu cha nyumba kina akiba iliyowekwa kwa ajili ya karo ya mdogo wake. Baba ameridhia sehemu yake itumike kununua lenzi ndefu, kwa sharti kwamba binti airudishe kwa kazi ya mikono yake kabla ya muhula wa pili. Dukani wameonyeshwa lenzi mpya iliyoandikwa 70-300, bei yake nafuu, wakaambiwa kuwa hakuna inayovuta mbali kuliko hiyo. Mama anauliza: tuichukue?

Tunamjibu hapa ili na wengine wafaidike. Tena tunamjibu kwa uchungu kidogo, kwani lenzi ya namna hiyo hiyo tuliwahi kuinunua sisi wenyewe.

Tuliinunua kwa ajili ya mashindano ya vijana wetu. Mechi za mitaani, kama mjuavyo, huanza baada ya Alasiri na kumalizika Magharibi inapokaribia. Picha za mwanzo zilitupendeza mno: jua lilikuwa kali, mpira ulionekana hadi mishono yake. Bao la ushindi lilifungwa dakika chache kabla ya adhana, na hilo ndilo kila mzazi alilolitaka. Tulipoifungua ile picha nyumbani tulimkuta mfungaji ana kiwiliwili lakini hana miguu. Miguu ilikuwa imefutika kama chaki iliyopitiwa na kitambaa. Tulidhani mkono wetu ndio mbovu, tukaenda tena dukani tukanunua kitegemeo cha miguu mitatu. Mechi iliyofuata miguu ikafutika vile vile.

Kosa letu lilikuwa kuilipia namba isiyofaa. Juu ya kila lenzi ya kuvuta zimeandikwa namba za aina mbili. Ya kwanza ni urefu wake, mathalani 70-300, na hiyo hueleza jinsi inavyomleta karibu aliye mbali. Ya pili huanza na herufi f, au huandikwa 1:4-5.6, na hiyo hueleza upana wa tundu linalopitisha mwanga. Muuzaji huisifu ya kwanza kwa kuwa kila mtu anaielewa. Ya pili ndiyo iliyotunyima miguu ya mfungaji.

Hesabu yake si ngumu. Gawanya urefu wa lenzi kwa namba ya f, utapata upana wa tundu. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 ina tundu la milimita 71 hivi, karibu na mdomo wa bilauri ya chai. Yenye f/5.6 ina tundu la milimita 36, nusu ya upana huo. Na kwa kuwa tundu ni la duara, nusu ya upana ni robo ya eneo, basi mwanga unaoingia ni robo tu. Kadiri namba ya f inavyopungua, ndivyo mwanga unavyozidi. Ile alama ya 4-5.6 ina maana kuwa lenzi huanza na f/4 ikiwa fupi, na kila unapoivuta namba ya f huzidi kupanda hadi f/5.6. Yaani hukubania mwanga pale pale unapoihitaji zaidi.

Robo ya mwanga hugharimu nini? Kumsimamisha mtu anayekimbia kunahitaji pazia la kamera lifunguke na kufungwa kwa 1/500 ya sekunde au upesi zaidi. Kwa mpira unaopigwa kwa nguvu, 1/1000 ni bora. Chini ya jua kali la mchana hakuna shida: hata f/5.6, na kamera imewekwa ISO 400, hukupa zaidi ya 1/2000. Ndiyo maana picha zetu za mwanzo zilikuwa safi. Lakini ingia katika ukumbi wenye taa za wastani, au ubaki uwanjani hadi jua limekwisha kuzama, upandishe ISO hadi 3200. Lenzi ya f/2.8 itakupa 1/500 hivi, ya f/5.6 itakupa 1/125. Kwa 1/125 mtu aliyesimama hutoka vizuri, lakini anayekimbia hupoteza miguu.

Waweza kuipandisha ISO zaidi, naam, mpaka 12800 ikiwa kamera inakubali. Lakini kamera za miaka iliyopita, na bila shaka ya mjomba ni miongoni mwazo, hufika hapo zikiwa zimejaza picha chembechembe mfano wa mchanga, na rangi za nguo za bibi harusi hupauka.

Hapa muuzaji atasema: lakini hii ina kizuia mtikisiko! Mwambieni ahsante. Kizuia mtikisiko hutuliza mkono wa anayepiga, hakimtulizi anayepigwa. Kina faida kwa picha ya jengo au ya bibi aliyeketi. Kwa mchezaji anayekimbia, hakikusaidii zaidi ya kile kitegemeo chetu cha miguu mitatu, ambacho sasa kinashikilia pazia la dirisha jikoni.

Basi lenzi inayofaa kwa kazi aliyoieleza mama huyu ni ya 70-200 yenye f/2.8 tangu mwanzo hadi mwisho. Mpya ya kampuni iliyounda kamera yenyewe ni ghali kupita kiasi, na hatuthubutu kuitaja mbele ya baba aliyevunja kibubu. Njia ni kununua iliyotumika, na humo zimo nzuri.

Kwa Canon, sisi twaipendelea ile EF 70-200 f/2.8L ya mwaka 1995, isiyo na kizuia mtikisiko. Kwa kuwa haina, huuzwa rahisi kuliko ndugu zake waliotoka mwaka 2001 na 2010, ilhali kwa michezo tumekwisha kuona kuwa kukikosa si hasara kubwa. Hulenga upesi, na imetengenezwa kustahimili kazi. Aibu yake ni umri: vipuri vyake si rahisi kupata, kwa hivyo iliyokwisha kuharibika isikushawishi kwa bei. Wasiopata hiyo watazame Sigma 70-200 f/2.8 yenye alama za OS na HSM, au Tamron ya mwaka 2012 yenye alama za VC na USD. Tamron iliyoitangulia, ya mwaka 2008, hutoa picha safi lakini hulenga polepole; mchezaji huwa amekwisha kupita. Hiyo iacheni hata mkiipewa kwa bei ya kutupa.

Wenye kamera za Nikon tunawatahadharisha kwa jambo moja. Ile 80-200 f/2.8D ni lenzi imara na bei yake ni ya kuvutia, lakini haina mota ya kulengea ndani yake. Hutegemea mota ya kamera. Kamera ndogo za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ukiifunga humo, utalenga kwa mkono, na hilo kwa mpira ni mtihani. D90 na D7000 zinayo.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Lenzi hizi huanzia kilo moja na robo hivi na kukaribia kilo moja na nusu, bila kamera. Binti ataushika mzigo huo kwa dakika tisini za mechi, au tangu Isha hadi usiku wa manane ukumbini. Mguu mmoja wa kuegemezea ni wa bei ndogo na utamwokoa mabega.

Sasa tuje kwenye ununuzi wenyewe, maana hapa ndipo pwani yetu ina ugonjwa wake. Hewa ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Kuvu hawa hula ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na wakishaila hairudi, hata fundi akiwasafisha. Kwa hivyo kabla ya kutoa shilingi, ondoeni vifuniko vyote viwili, washeni tochi ya simu upande mmoja, mkachungulie kutoka upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo lisiwatie hofu; kila lenzi ya zamani inalo na halionekani pichani. Mnachokitafuta ni nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, au madoa yenye matawi. Mkiziona, shukuruni mwenye mali mwondoke. Msikubali kuambiwa kuwa ni alama za vidole. Vidole havifiki ndani.

Kisha zungusheni pete ya kuvutia mkisikiliza. Sauti ya mchanga ni mchanga kweli, na lenzi hiyo imekwisha kwenda ufuoni. Tazameni vichwa vya skrubu za nyuma: vikiwa na kutu, maji ya bahari yamefika. Ifungeni katika kamera yenu, si ya muuzaji, mwekeni mtu atembee kwa haraka kuja upande wenu, mpige mfululizo kwa urefu wa 200 na f/2.8, halafu mkuze picha katika kioo cha kamera mkitazama kope za macho. Picha ishirini ni chache kwa jaribio hili; pigeni hamsini. Muuzaji akikunja uso, hilo nalo ni jibu. Na ombeni risiti au maandishi yenye namba ya lenzi, kwani mali ya wizi haichelewi kudaiwa.

Ikifika nyumbani isilale katika mkoba wa ngozi wala kabatini pamoja na nguo. Itieni katika debe la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya punje za kukausha ambavyo mara nyingi hupatikana ndani ya masanduku ya viatu. Wapo wanaotumia mchele. Mchele una unga, na unga huingia kwenye pete. Tuuache wa biriani. Baada ya kupiga picha karibu na bahari, kama mashindano ya mashua na mbio za punda wakati wa Maulidi ya Lamu, ipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu, muikaushe kabla ya kuihifadhi.

Tumetaja Lamu kwa sababu inatupasa kusema na upande wa pili. Mashua na punda hushindana mchana. Kama binti angepiga picha za mchana peke yake, tungemwambia asiguse kibubu: Canon ya 55-250 yenye alama ya STM, uzito wake gramu 375, hutoa picha nzuri sana juani kwa sehemu ndogo ya gharama. Na kama angefanya kazi ya ukumbini pekee, tungemwonyesha lenzi ya 85 yenye f/1.8. Haivuti, itabidi asogee kwa miguu yake, lakini huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Wanawake wanapocheza lelemama mbele yake, mikono haitafutika. Ni nyepesi, na iliyotumika ni rahisi.

Lakini yeye anafanya vyote, uwanjani jioni na ukumbini usiku, na kuna sharti la baba. Hivyo jibu letu, mama, ni hili. Ile 70-300 muiache dukani. Kabla ya kununua chochote, binti akodi 70-200 ya f/2.8 kwa siku moja kutoka kwa mmoja wa wapiga picha mjini, aende nayo mechini hadi adhana, na usiku ule ule aende nayo kwenye kupamba. Kesho yake aseme mwenyewe kama mabega yamekubali. Yakikubali, tafuteni iliyotumika kwa subira, hata ikichukua miezi miwili. Msichukue mkopo wa simu ili kuharakisha, kwani riba yake itamla binti kabla hajapiga harusi ya kwanza. Yakikataa, nunueni ile ya 85, na salio lirudi kibubuni kwa ajili ya mdogo wake.

Jambo moja zaidi, dogo. Katika barua yako umesema wateja wake wanampenda kwa kuwa picha zao hazionekani na wasiohusika. Bajeti ya lenzi basi iache nafasi ya kadi ya pili ya kumbukumbu, itumike kwa harusi tu, isichanganywe na ya mpira. Kadi ya mpira huazimwa na kila mtu.

Tutafurahi kuletewa picha ya bao la mwisho litakalofungwa jua likizama. Tutahesabu miguu.