Mjamzito wa Minneapolis si mjinga wa kliniki

Kila panapozungumzwa habari za wajawazito wa Kiafrika hapa Minneapolis na Saint Paul, lawama hutangulia: kina mama hawajui umuhimu wa kliniki. Wanachelewa kuanza, wanaruka miadi, wanakataa upasuaji. Na dawa inayopendekezwa ni ile ile siku zote: waelimishwe. Mimi naona lawama hiyo imebeba nusu tu ya ukweli, tena nusu iliyo nyepesi.

Tunawasema kina nani? Ni Wasomali wa Cedar-Riverside, ambao baadhi yao walipitia kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya na Kiswahili wanakijua. Ni Wakenya wa Brooklyn Park. Ni Wakongomani waliokuja kama wakimbizi. Hawa hawakuanza kuisikia kliniki Marekani. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya kina mama waliojifungua walihudumiwa na mtaalamu kliniki angalau mara moja. Waliofikisha mahudhurio manne walikuwa asilimia 66. Tanzania, mwaka huo huo, ni kama thuluthi moja tu walioanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo kliniki inajulikana. Tatizo ni lini mtu anaanza, na kwa nini harudi.

Katika hilo la kuanza, wanaolaumu wana haki. Kwetu mimba changa hufichwa, kwa kuogopa husuda au kwa hofu kwamba ikitangazwa itaharibika. Lakini mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga wiki nne hivi tangu mimba itungwe, na asidi ya foliki inayouzwa kwa bei ndogo dukani haiwezi kuusaidia ikianza kumezwa mwezi wa tano. Presha nayo haina adabu ya kubisha hodi. Mama anajiona mzima, kumbe imeshapanda na mkojo una protini, na kifafa cha mimba kiko njiani. Kusema “sijisikii vibaya” hakupimi presha.

Kuruka miadi ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani limependekeza mahudhurio manane tangu 2016. Ratiba ya kawaida ya Marekani, yenye asili ya mwaka 1930, hufika kumi na mawili hadi kumi na manne. Mfanyakazi wa ghala la Shakopee, asiye na gari, mwenye watoto wawili nyumbani, atayapataje? Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani chenyewe kilipendekeza mwaka 2025 kwamba idadi ya miadi ifuate hali ya kila mjamzito. Basi tusiite ujinga kile ambacho wataalamu wenyewe wameanza kukirekebisha.

Penye mzozo zaidi ni upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliowasikiliza kina mama Wasomali hapa Minneapolis, uliikuta hofu ya kupasuliwa waziwazi. Uliwakuta pia wakiomba wenyewe kufundishwa mambo ya uchungu na kujifungua, na kutembezwa hospitalini kabla ya siku yenyewe. Anayeomba kufundishwa hajapuuza. Halafu hofu yenyewe ina mantiki: mwanamke anayetaka watoto sita anajua kovu la kwanza huleta la pili, na madaktari wanakubali kwamba hatari ya kondo kung'ang'ania huongezeka kwa kila upasuaji. Wapo wanaopunguza chakula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo, wakwepe kisu. Hilo ni kosa na lina madhara, lakini halifutwi kwa kipeperushi. Linahitaji daktari au mkunga akae, aeleze lini upasuaji ni lazima na lini una mjadala, kupitia mkalimani aliyesomea kazi hiyo. Sheria ya shirikisho hairuhusu mtoto kumtafsiria mamake isipokuwa kwenye dharura.

Njia zipo. Tangu 2014 bima ya umma ya Minnesota hulipia doula, mwanamke anayemsindikiza mjamzito hadi kujifungua, na tangu 2022 mama mwenye bima hiyo hubaki nayo miezi kumi na miwili baada ya kuzaa. Magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia mwaka 2012, wajawazito walikusanywa katika vyama, wakasomeshana afya na kuweka akiba pamoja. Sioni kwa nini chama kama hicho kisiwepo msikitini au kanisani hapa. Kuunda chama tumezoea tangu zamani.

Kwa hospitali nasema: acheni kuhesabu miadi iliyokosekana, ulizeni mama alielewa nini katika ile aliyohudhuria. Nawe dada yangu, siku zako zikipita, usingoje tumbo lionekane. Piga simu wiki hiyo hiyo, omba mkalimani kwa jina la lugha yako, na usitie saini karatasi yoyote kabla hujaelezwa.